Ndugu Yetu Anaporudi Kutoka Mirembe

(Mada iliyosomwa mbele ya maimamu, walimu wa madrasa na wazazi, mjini Dodoma)

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa viwiliwili na nafsi, Mwenye kuteremsha maradhi na dawa zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ahli zake, na Maswahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Ama baad.



Tumetakiwa tuzungumze juu ya maradhi ya akili, na juu ya vijana wetu waliozama katika ulevi na dawa za kulevya. Tulipopewa mada hii tulidhani kazi yetu ni nyepesi: tukusanye dalili za uharamu wa ulevi, tuzipange, tuzisome, tuteremke. Lakini usiku ule ule tukatanabahi kwamba hakuna hata mmoja wetu hapa asiyejua kuwa ulevi ni haramu. Na yule kijana anayelala barazani kwa watu huku akitetemeka naye anajua, tena pengine kwa uchungu kuliko sisi tulioshiba. Tukaiweka pembeni karatasi ile. Linalotusumbua ni hili: mtu akishapatwa, na akanyoosha mkono kutafuta msaada, mkono huo unamkuta nani?

Tuanze na neno moja. Hapa kwetu mtoto akimkasirikia mwenziwe humwambia, "Wewe wa Mirembe." Tusi hili halikuishia Dodoma, linajulikana Tanzania nzima. Ndugu zetu wa Uganda hulitumia neno hilo hilo, mirembe, kwa maana ya amani. Sisi wenye hospitali yenyewe tumeligeuza tusi. Mirembe ilianzishwa mwaka 1927, enzi za utawala wa Waingereza, na leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Chini yake iko Isanga, wanakopelekwa wagonjwa walioletwa kwa amri ya mahakama, na iko Itega, wanakohudumiwa waraibu wa dawa za kulevya. Wapo watu wanaosafirisha wagonjwa wao siku mbili njiani ili wafike hapa. Sisi tunapita mbele ya lango lake tukienda sokoni, na bado tunachelewa kuingia.

Tunasema haya tukijua tunamsema nani. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alituletea mwanawe madrasani. Kijana alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani, amehifadhi juzuu kumi kwa sauti nzuri, na yeye ndiye aliyekuwa akitoa adhana ya Adhuhuri. Sasa alikuwa halali usiku. Alisikia watu wakimsema ilhali chumbani hakuna mtu. Alikataa maji ya nyumbani kwao kwa kuamini kuwa yametiwa sumu. Mzee yule hakumpeleka hospitali. Alimleta kwetu, kwa sababu alituamini.

Nasi tukamsomea. Tulimsomea baada ya Alfajiri na baada ya Isha, siku baada ya siku. Siku ya tisa alilala usingizi mzito, bila shaka kwa uchovu, nasi tukamwambia mzee wake kwamba jini limetoka, amshukuru Allah. Baada ya siku mbili hali ikarudi vibaya kuliko mwanzo. Tukasema hili ni jini kaidi, tukaongeza muda wa kisomo. Wiki ya saba alimsukuma mama yake akaanguka na kuvunjika mkono. Ndipo jirani yao, mama mmoja aliyekuwa muuguzi na sasa amestaafu, alipotufuata mpaka mlangoni. Alisimama kwa adabu, akasema, "Ustadhi, samahani. Huyu mtoto amepelekwa kwa daktari lini?" Tukamjibu kwamba bado. Akasema, "Basi nipeni ruhusa nikamtafutie gari."

Tulikwenda naye. Daktari alimwuliza mzee hali hii ilianza lini. Mzee akataja mwezi. Daktari akauliza tena, katika muda wote huo mlikuwa mkimtibu wapi? Mzee akatuangalia, kisha akainamisha kichwa. Daktari aliandika tu, hakutulaumu. Laiti angetulaumu.

Matabibu wa maradhi haya wana jambo wanaloafikiana: kadiri mgonjwa wa namna ile anavyokaa muda mrefu bila kutibiwa, ndivyo kupona kwake kunavyozidi kuwa kugumu. Zile wiki saba tulizozihesabu kuwa ibada, kwa upande wake zilikuwa ni muda uliopotea. Tutaulizwa juu yake.

Ndugu zetu, harakati yetu hii imepigana na ushirikina katika nyanda hizi kwa miaka mingi, na hatujutii. Tumekataza hirizi. Tumekataza ngoma za kupunga pepo, na kuchinja mbuzi mweusi, na kwenda kwa mganga kuangaliwa nyota. Hayo yote ni haki. Lakini tujiulize kwa insafu: baada ya kumwondoa mganga kitini, ni nani aliyekikalia kiti chake? Hatukumwachia tabibu. Tumekaa sisi. Ngoma imenyamaza, lakini mgonjwa yuko pale pale kwenye mkeka, na leo anauziwa chupa ya maji yaliyosomewa, na mafuta ya zeituni, na habbat sauda kwa bei ambayo mganga mwenyewe angeona haya kuitaja. Wengine wetu wamefika hadi ya kumchapa mgonjwa kwa fimbo, wakidai kwamba maumivu yanampata jini. Mbavu zikivunjika, anayelazwa hospitali si jini.

Asitokee mtu akasema kwamba tumeikana ruqya. Ruqya imethibiti katika Sunna, na atakayemsomea ndugu yake bila ujira na bila vitisho amefanya wema. Wala hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani hilo ni katika tunayoyaamini. Tunachokisema ni kwamba wanazuoni wetu hawakuwa na upofu huu tulio nao. Imamu Ibnul Qayyim wa Damascus, ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kupenda falsafa, ameandika katika mlango wa tiba ya Mtume kwamba kuanguka kifafa ni kwa aina mbili: aina inayotokana na roho mbaya, na aina inayotokana na kuharibika kwa mwili wenyewe, na hii ya pili ndiyo inayozungumzwa na matabibu. Amefariki mwaka 751 Hijria. Sisi wa leo tumeifuta ile aina ya pili, tukabaki na moja.

Kabla yake kwa karne nne, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili. Ipo inayojulikana sababu yake, kama kufiwa au kupoteza mali, na hii hutibiwa kwa mazungumzo na mawaidha. Na ipo inayomjia mtu bila sababu yoyote anayoijua, na hiyo aliihusisha na mwili, na akaelekeza itibiwe kwa tiba ya mwili. Hii ya pili inakaribia sana ile ambayo matabibu wetu leo wanaiita sonona. Mwanamke aliyejifungua juzi, mtoto ni mzima, mume ni mwema, naye analia mchana kutwa wala hajui kwa nini, halafu tunamwendea na kumwambia azidishe imani! Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na Bibi Maryam (A.S.) alitamani kuwa angekufa kabla ya uchungu ule kumfika. Ni nani miongoni mwetu atakayewaambia hao kwamba imani yao ilikuwa haba?

Na Waislamu hawakuishia kuandika. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 683 Hijria (1284 Miladia), aliwatengea wagonjwa wa akili sehemu yao, chini ya wakfu, bila kubagua tajiri na masikini. Wanahistoria wanaeleza kwamba mgonjwa aliyepona hakutoka mikono mitupu. Alipewa nguo na kitu cha kuanzia maisha. Hilo la mwisho lishikeni, tutalirudia.

Imepokewa pia kutoka kwa Mtume (S.A.W.), katika Sunan Abi Daud na vitabu vingine, kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi dhamana ni juu yake. Sisi walimu tuliosoma Hadith hii kwa Kiarabu, tukaifanyia mtihani na kufaulu, hatukuwahi kudhani kwamba inatuhusu sisi. Vilevile tunajua kwamba kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie. Ikiwa Allah hamwandikii, sisi tunamwandikia nini?

Tazameni na kisa cha yule mwanamke aliyemjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba huanguka na hufunuka, kama kilivyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.). Mtume alimpa hiari kati ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua subira, lakini akaomba jambo moja: aombewe asifunuke. Hakuna karipio katika kisa chote. Na tazameni alichokiogopa mwanamke yule. Aliogopa kuvunjiwa heshima mbele za watu. Nasi ndugu zetu tunawafunga kamba chini ya mwembe, watoto wanapita na kuwatazama.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe ya dharura, maana wazazi wengi wametuuliza tufanye nini usiku, mambo yanapochafuka. Mtu akianza kusema kwamba amechoka kuishi, au anagawa vitu vyake, au anaaga bila safari, msimwache peke yake hata kwa dakika chache. Muulizeni waziwazi kama anafikiri kujidhuru. Wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watampa wazo. Sivyo, aghalabu mtu huyo huona nafuu kwamba ameulizwa. Ondoeni kamba, visu, sumu ya panya, na hasa zile dawa za kunyunyizia mashambani ambazo kila nyumba ya mkulima inazo uvunguni. Kisha apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu, usiku huo huo. Si lazima kusubiri mpaka mfike Dodoma. Zahanati itampa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na wilaya kwenda mkoani au Mirembe. Ikiwa hamna fedha, mwulizieni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Wengi hawajui kwamba kuna mtu mwenye kazi hiyo.

Tunajua jambo jingine linalowafanya watu wafiche. Kujaribu kujiua kumo katika kifungu cha Kanuni ya Adhabu kama kosa, na familia huogopa polisi kuliko inavyoogopa mauti. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba kinapingana na katiba yao. Hilo la sheria tuwaachie wanasheria. Sisi tunasema tu kwamba mgonjwa aliyekunywa sumu hapati nafuu kwa kufichwa chumbani. Mfikisheni kwanza hospitali, mengine yatafuata akiwa hai.

Tuingie kwenye unga. Tulipokuwa vijana tuliambiwa kwamba unga ni balaa la watu wa pwani. Na kweli pwani ndiko ulikoanza kuwaumiza Waislamu: Malindi, Lamu, Mombasa, Unguja, Tanga. Lakini huko huko pwani ndiko walikoanza pia kuamka. Mjini Malindi, tangu mwaka 1995, ulianzishwa mradi wa Omari wa kuwasaidia watumiaji wa heroini, wakati ambapo watu wengine walikuwa bado wanawapiga mawe. Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, vijana waliokuwa mateja wenyewe walifungua nyumba za upataji nafuu, ambamo anayetaka kuacha hukaa miezi kadhaa pamoja na waliomtangulia kuacha. Mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa tiba ya methadoni. Sisi wa bara tulikuwa tukiyasikia haya kama habari za mbali. Kisha barabara ya Dar es Salaam kwenda Mwanza ikazidi magari, serikali ikahamia hapa, mji ukapanuka, watu wakaja na mema yao na mabaya yao. Leo teja si mtu wa pwani. Teja ana jina la Kirangi au la Kigogo, na baba yake anasali safu ya kwanza.

Ndiyo maana kuna Itega, na juu ya Itega kuna suali ambalo tumeulizwa na maimamu wasiopungua watatu. Methadoni ni nini? Ni dawa ya maji ambayo mraibu wa heroini huinywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, bila malipo. Inamwondolea arosto, yaani yale maumivu ya mwili mzima yanayompata anapokosa unga, na kwa kipimo sahihi haimlewesi. Anaweza kusali, kufanya kazi, na kukaa na watoto wake. Waulizaji wanasema: je, huku si kumtoa mtu kwenye kilevi na kumwingiza kwenye kilevi kingine, na Mtume (S.A.W.) amekwisha kubainisha kuwa dawa ya umma wake haikuwekwa katika haramu? Imamu mmoja alikwisha kumwambia kijana msikitini kwamba swala yake haisihi maadamu anakunywa methadoni. Kijana aliacha dawa. Hakuacha unga.

Suali ni la haki, na jawabu lake wala si geni. Amepata kuulizwa Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyeishi Makka na kufariki huko mwaka 974 Hijria, juu ya mtu aliyetiwa mtihanini kwa kula afyuni mpaka akawa akiikosa anaangamia. Fatwa yake ameinukuu Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus, katika hashiya yake maarufu. Muhtasari wake ni kwamba, ikijulikana kwa yakini kuwa ataangamia, basi ni halali kwake kuitumia, bali ni wajibu, kama ulivyo mzoga kwa aliyefikwa na dharura; na inamlazimu kuipunguza kidogo kidogo mpaka mwili wake uache kuitegemea, na akipuuza kupunguza anapata dhambi. Na Ibn Abidin anataja kwamba kanuni za madhehebu yao haziipingi fatwa hiyo.

Turejee kwenye fatwa hii kwa utulivu. Afyuni ndiyo mama wa heroini. Zote zinatoka katika utomvu wa mmea mmoja. Sheikh yule hakuwa na kliniki, wala muuguzi, wala kipimo cha dawa kwa miligramu. Alikuwa na fiqhi, na alikuwa na macho ya kuuona mwili wa mraibu ulivyo. Karne nne na nusu zilizopita, akiwa Makka, alifahamu jambo ambalo wazazi wetu wanakataa kulifahamu hadi leo: kwamba kuacha ghafla si sawa na kutubu. Mtu anaweza kutubu katika dakika moja, moyo ukatakasika. Lakini mwili hautubu kwa dakika moja. Mwili una muda wake. Aliyeiona tofauti hiyo akampa mtu njia ya kupunguza, na sisi tunaojinasibu na elimu tumempa mtu kufuli.

Naam, kufuli, maana hilo nalo tumeliona. Mzazi anamfungia chumbani mwanawe mlevi wa gongo, siku tatu au nne, amwage sumu yote. Wazazi, tahadharini sana. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa muda mrefu, ukinyimwa ghafla, unaweza kupatwa na degedege na kuchanganyikiwa kukali, na mtu anaweza kufa humo chumbani. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali. Na aliyeacha heroini kwa wiki kadhaa, kwa kufungiwa au kwa kuwa gerezani, kisha akarudi kutumia kiasi kile kile cha zamani, huyo yuko karibu na kifo kuliko alipokuwa akitumia kila siku, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu. Wengi wanaokufa hufa wakati huo, siku ambayo familia imeshangilia kwamba ameacha.

Wapo wanaoacha bila methadoni, na hasa kwa bangi na pombe hakuna methadoni. Hao wanahitaji watu wa kuwashika. Njia inayotumika katika nyumba nyingi za upataji nafuu ni ile ya hatua kumi na mbili, ambayo asili yake ni walevi wa Marekani waliojikusanya mwaka 1935. Baadhi ya ndugu huikimbia kwa sababu asili yake si ya Waislamu. Waislamu wa Marekani walipoihitaji hawakuikimbia. Mwaka 1989 mjini Baltimore walianzisha mkusanyiko wao uitwao Millati Islami, wakazifuma hatua hizo na tauhidi na swala. Sisi hatujafanya hata robo ya hilo.

Na kuhusu kuwashika, hatuna mwalimu bora kuliko tukio lililomo katika Sahihi Bukhari. Palikuwa na mtu aliyeletwa kwa Mtume (S.A.W.) kwa sababu ya ulevi, akaadhibiwa, kisha akaletwa tena, kisha tena. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa kushangaa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, na akamshuhudia kwamba anampenda Allah na Mtume wake. Katika riwaya nyingine akawakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Zingatieni kwamba mtu huyu hakuwa ameacha. Alikuwa ni wa kurudia. Adhabu ilipita juu yake, na bado hakutolewa katika jamaa. Sisi tunataka kwanza aache miaka miwili ndipo tumsogezee msala.

Hapa tunarudi kwa kijana wetu.

Alikaa Mirembe wiki kadhaa, akatoka. Sauti alizokuwa akizisikia zilinyamaza. Alinenepa, mikono ikawa inatetemeka kidogo, maneno yakawa mazito. Ni taathira ya dawa, na daktari alikwisha tueleza kwamba zitaangaliwa na kurekebishwa. Aliporudi msikitini alikuta adhana ya Adhuhuri ina mtu mwingine. Hakuna aliyemfukuza. Ila aliposimama katika safu, pembeni yake palibaki nafasi upande huu na upande huu, nasi tunaohimiza kuziba mianya ya safu tuliiona nafasi ile tukapiga takbira. Watoto wa madrasa walimpa jina, mnalijua. Mtu mmoja mwenye ndevu ndefu kuliko zetu akamwambia kwamba vidonge hivyo vinadhoofisha imani, na mwenye Qur'ani kifuani havihitaji. Ulipoingia Ramadhani akaviacha. Alidhani anamkaribia Mola wake. Siku ya sita ya Shawwal alirudishwa Mirembe, na safari hii hatukuwa na jini wa kumsingizia.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaomba, na tunayaomba kwa aibu. La kwanza ni Ramadhani. Kila mwaka kabla ya Shaaban kwisha, maimamu watangaze mimbarini kwamba anayetumia dawa za akili, au kifafa, au anayekwenda Itega, amwone daktari wake kupanga nyakati za dawa, na akiambiwa asifunge basi asifunge, maana ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika aya zile zile za saumu.

La pili ni nauli. Mgonjwa wa Kondoa anayetakiwa kuja Mirembe kila mwezi kuchoma sindano haachi kwa ukaidi. Anaacha kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ni kibarua cha siku kadhaa. Fakiri mgonjwa ni katika wanaostahiki zaka, hili halina khilafu. Tumezoea kuzigawa zote Ramadhani kwa vibaba vya mchele. Sehemu yake iwekwe kwa ajili ya nauli za kliniki, kwa daftari na kwa siri.

La tatu ni kazi. Kumbukeni zile nguo na kile kitu cha kuanzia maisha katika hospitali ya Qalawun. Aliyepata nafuu akikaa bure barazani, mitaa ile ile na rafiki wale wale watamrudisha. Mwenye duka ampe hata kufagia. Mwenye gereji ampe kushika spana. Atakosea, na mtaudhika. Muudhike huku yuko kazini.

Na walimu wenzetu, ukiletewa mgonjwa, msomee dakika kumi, kisha simama uende naye zahanati siku hiyo hiyo. Usimtume mzee wake peke yake. Mzee akikuona wewe, ustadhi wake, umeketi kwenye benchi la hospitali unasubiri kuitwa, kazi kubwa imekwisha.

Kijana wetu sasa anachomwa sindano kila mwezi, na ana genge la nyanya na vitunguu karibu na kwao. Siku nyingine huwa si nzuri kwake, hatuwadanganyi. Wiki tatu zilizopita aliyekuwa akiadhini Adhuhuri alisafiri kwenda Singida kwa msiba, tukamwomba yeye. Alikataa. Ijumaa tukamwomba tena, akasema atafikiria. Zamu ya kumsindikiza kliniki Jumatano ijayo ni yetu, na tumeandika karatasi ya zamu za miezi mitatu inayofuata; iko pale mlangoni na kalamu yake, nafasi saba bado ziko wazi.